Kadi iliyogoma kuingia: historia ya kompyuta nyembamba mpaka Msambweni

Siku nyingi sijaandika kitu kirefu hapa, kazi za kuandika programu zimenibana na kila nikikaa kuandika naitwa kurekebisha kitu cha mtu. Lakini majuzi nilipigiwa simu na mpwa wangu wa Msambweni, na baada ya simu ile nikaona kuna habari ambayo yafaa tuisimulie tangu mwanzo wake.

"Shikamoo mjomba. Kadi imekataa kuingia."

"Marahaba mwanangu. Imekataa vipi?"

"Ni ndefu. Nikiiweka mfuniko haufungi, na lile bamba lake la chuma lagonga ukuta wa kasha."

Nikakaa kimya kidogo maana nilijua tayari kilichotokea. Binti huyu amejifundisha kuchora picha za pande tatu kwa programu ya Blender, ile ya bure. Fundi mmoja wa vitanda na makabati pale Ukunda alimwambia akimchorea vitanda kumi kabla mwisho wa mwezi, vionekane kama vimeshatengenezwa, atazipeleka zile picha kwa wateja wake wa Diani, na wakikubali kazi haitakuwa ya mara moja. Tatizo ni kwamba kompyuta yake, nyembamba ya mezani ya mwaka 2011 iliyonunuliwa mtumba, ilikuwa haiwezi hata kuifungua Blender mpya. Akaambiwa atie kadi ya grafiki. Mamake, dada yangu, anauza samaki wa kukaanga. Wakachanga shilingi elfu tisa, binti akapanda matatu, akavuka Likoni, akanunua kadi mjini, akarudi. Risiti imeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Mtu anaweza kusema, si angepima kwanza? Kweli, lakini nani alimwambia kuna cha kupima? Kadi ni kadi, sloti ni sloti, na kwenye sloti iliingia vizuri kabisa. Kilichogoma ni urefu wa kwenda juu. Ukitaka kujua kwa nini kuna kompyuta ambazo kadi ya kawaida inaingia na haifungiki, na kwa nini kompyuta za aina hiyo ndizo zimejaa kwetu, itabidi turudi nyuma zaidi ya miaka arobaini.

Haya, turudi. Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake binafsi, ile ambayo kompyuta zetu nyingi za mezani ni wajukuu zake. Mashine ile yenyewe ilikuwa haina njia ya kuonyesha chochote kwenye skrini. Ilibidi ununue kadi uichomeke ndani. Kulikuwa na moja ya maandishi tu, na nyingine iliyojulikana kama CGA ambayo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 na ikichora picha iliweza kuonyesha rangi nne kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kadi ya picha haikuanza kama anasa ya vijana wa gemu. Ilianza kama kitu ambacho bila hicho kompyuta ni bubu. Mwaka 1987 IBM ikaleta VGA, na tundu lake lenye vishimo 15 likadumu muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Likumbuke tundu hilo, tutalirudia tukifika Msambweni.

Miaka ya 1990 mambo yakaenda mbio. Mwaka 1992 ilitoka sloti ya PCI. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ikatoa Voodoo, kadi ya kuchora gemu za pande tatu, na watu Marekani na Ulaya wakaanza kununua kadi kama wanunuavyo magari. Mwaka 1997 kadi za picha zikapata sloti yao wenyewe iliyoitwa AGP, ili zisigombanie njia na vifaa vingine. Mwaka 1999 Nvidia ikatoa GeForce 256 na kuitangaza kwa jina la GPU, yaani prosesa ya picha. Mwaka 2000 ukiisha, Nvidia hiyo hiyo ikatangaza kuinunua mali ya 3dfx. Mwaka 2004 zikaingia madukani kadi za PCI Express, na sloti hiyo ndiyo tunayoitumia mpaka leo, ingawa kasi yake imepandishwa mara kadhaa. Mwaka 2006 AMD ikainunua ATI, kampuni ya Kanada iliyokuwa mshindani mkuu wa Nvidia.

Hiyo ni historia ya upande mmoja, ile inayoandikwa sana. Upande wa pili ni wa ofisi. Karani wa benki au wa bima hahitaji kuchora dubwana la gemu. Anahitaji barua, hesabu na barua pepe. Kwa hiyo mwaka huo huo wa 1999 ambao GeForce ilizaliwa, Intel ilitoa chipu iitwayo 810 ambayo ilikuwa na picha ndani yake. Hakuna kadi ya kununua, mazabodi yenyewe inatoa picha. Baadaye, Januari 2011, prosesa zilizoitwa Sandy Bridge zikaingiza kazi ya picha ndani ya kipande kile kile cha prosesa. Barabara zikagawanyika: moja ya wanaotaka picha kali, kasha kubwa, umeme mwingi, nyingine ya ofisi, kasha dogo, umeme kidogo, bei nafuu.

Na ofisi zilitaka kasha dogo kwelikweli. Meza ya ofisi ni ya kodi, kila sentimita ina bei. Makasha mafupi yalikuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1980, na wakati ule walitumia ujanja mmoja mzuri: katikati ya mazabodi walisimamisha kibodi kidogo chenye sloti, na kadi zikalala ubavu. Kwa ujanja huo kadi ya kimo cha kawaida iliweza kuingia kwenye kasha la kulala. Lakini kibodi hicho ni gharama, na kinaleta kuzuia hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikapatikana njia nyingine. Badala ya kuilaza kadi, ifupishwe. Kanuni za sloti zikaweka aina mbili za kimo: kadi ya kawaida, karibu milimita 111 kwa PCI Express, na kadi fupi, karibu milimita 69. Na bamba la chuma la nyuma, lile linalofungwa kwa skrubu, likawa na vimo viwili: milimita 120 kwa kawaida, na karibu 80 kwa fupi. Kasha la ofisi likashuka mpaka unene wa sentimita 9 au 10 hivi. Hapo ndipo kompyuta ya mpwa wangu ilipozaliwa. Kasha la sentimita 9 halikubali bamba la sentimita 12, hata ukiliomba kwa adabu.

Sasa, zilifikaje Kwale?

Makampuni na serikali za Ulaya huwa hazingoji kompyuta ife. Hukodi au hununua kwa mkupuo, hutumia miaka mitatu au minne, kisha hubadilisha zote. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria ya taka za umeme, kwamba anayetengeneza kifaa awajibike na mwisho wake, na nchi moja baada ya nyingine zikaitunga ndani. Uingereza ilifikia kuitekeleza 2007. Kutupa kompyuta jalalani kukawa na gharama, na kuiuza au kuitoa sadaka kukawa na faida. Tangu 1998 kulikuwa na shirika la hisani Uingereza liitwalo Computer Aid International lililokusanya kompyuta za ofisi, kuzifuta data, kuzijaribu na kuzipeleka nchi kama zetu. Hapa Kenya, mwaka 2002 likaanzishwa Computers for Schools Kenya, lililosambaza mashine kama hizo mashuleni. Kando ya mashirika hayo wakaja wafanyabiashara, na neno "ex-UK" likawa la kawaida midomoni mwetu kama la magari.

Hebu fikiria kontena. Kompyuta ile kubwa ya gemu inachukua nafasi ya nyembamba mbili. Anayejaza kontena anahesabu vipande. Kwa hiyo iliyofaa meza ya ofisi London ikafaa pia tumbo la meli. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba watoto wa Kwale wapate mashine zisizokubali kadi ndefu. Ilitokea tu, kwa hesabu za watu ambao hawajawahi kusikia jina la Msambweni. Nilipoifungua mashine ya mpwa wangu nilikuta ndani ya mfuniko kibandiko cha zamani chenye nambari ya mali ya ofisi na maneno kwamba kifaa hiki kisiondolewe ghorofani. Kimeondolewa ghorofani, kikavuka Bahari ya Shamu, na leo kiko jirani na jiko la samaki.

Mwanzoni hakuna aliyelalamika. Miaka ile ya 2000 na kidogo, saiba za Ukunda na Diani ziliishi kwa barua pepe, za watalii na za wenyeji wenye jamaa ng'ambo. Intaneti ilikuja kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza, na ukurasa wenye picha nyingi ulikuwa ni adhabu. Kompyuta nyembamba ilitosha na kubaki. Mashine ingekuwa na kadi ya maelfu isingekusaidia chochote, maana foleni ilikuwa angani.

Dalili ya kwanza kwamba mambo yatabadilika ilikuja Januari 2007, Microsoft ilipowatolea watu wote Windows Vista. Vista ilikuwa na madirisha ya kioo, na kioo kile kilichorwa na chipu ya picha. Kompyuta nyingi zilibandikwa kibandiko kwamba zina uwezo wa Vista, lakini zenye chipu ya Intel 915 zilikuwa hazikiwezi kioo kile hata kidogo. Marekani watu walikwenda mahakamani mwaka huo huo kwa sababu ya kibandiko hicho. Kwetu tulirudisha Windows XP tukaendelea na maisha, lakini somo lilikuwa pale pale: kuanzia sasa programu ya kawaida itaiuliza mashine, picha unazichora kwa nini?

Kisha ikaja kebo. Mwaka 2009 TEAMS iliyotoka Fujairah na SEACOM zilifika Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Kwa mara ya kwanza pwani yetu iliunganishwa na dunia kwa nyuzi za kioo chini ya bahari badala ya setilaiti. Haikuwa siku moja, wala bei haikuanguka usiku mmoja, lakini taratibu video ikawa kitu cha kawaida. Na watu wakitazama video, baadhi watataka kuzitengeneza. Wapiga picha za harusi walioanza na kanda wakahamia kwenye kompyuta. Bahati mbaya kwao, au bahati njema, mwaka 2010 Adobe ilitoa CS5 ambayo Premiere yake iliweza kuitumia kadi ya Nvidia kuharakisha kazi. Mwisho wa 2011 Blender nayo ikapata Cycles, njia ya kuchora mwanga kama ulivyo, ambayo inapenda kadi ya grafiki kama samaki apendavyo maji. Kwa hiyo ndani ya miaka miwili mitatu kadi ya picha ikatoka kwenye gemu ikaingia kwenye mkate wa watu. Kijana wa kanda za harusi Ukunda, mchora ramani za nyumba, mtengeneza matangazo ya hoteli, wote wakajikuta wana mashine ya karani na kazi ya msanii.

Hapa kuna jambo linaloniudhi kidogo na kunichekesha kidogo. Bandari ya Kilindini iko ng'ambo tu ya maji kutoka Likoni. Kontena la kompyuta likishuka pale, tangu treni za mizigo za SGR zianze mwaka 2018 huenda likapandishwa reli kwenda Nairobi. Reli hiyo inapita wapi? Inapita Kwale hiyo hiyo, kaskazini, upande wa Samburu na Mackinnon Road. Kadi inaweza ikapita kauntini kwetu usiku ikiwa ndani ya kontena, ikafika Nairobi, ikauzwa kwa jumla, ikapanda basi kurudi Mombasa, ikavuka feri, ikapanda matatu mpaka Msambweni. Kila kituo mtu anaongeza chake, na kila kituo maelezo yanapungua. Ikifika kwa binti yetu imebaki jina, bei, na "hairudishwi".

Haya, turudi kwenye mashine. Kimo ni kikwazo cha kwanza tu. Viko vinne vingine na kila kimoja kina historia yake.

Cha pili ni umeme. Kanuni ya PCI Express inaruhusu sloti kubwa kutoa mpaka wati 75. Lakini kompyuta nyembamba za ofisi za miaka ya 2011 na 2012 nyingi zilikuja na pawasaplai ya wati 240 hivi, isiyo na waya wa ziada wa kadi, na baadhi ya watengenezaji waliandika kwenye vitabu vyao kwamba sloti isitolewe zaidi ya wati 25 au 35. Kitabu hicho kiko kwenye tovuti ya mtengenezaji, bure. Kisome kabla ya kununua. Nasisitiza kwa sababu pawasaplai ya mashine hizi mara nyingi ina umbo lake peke yake, ikiungua huwezi kutia ya dukani ya kawaida.

Cha tatu ni joto. Kasha jembamba lina feni ndogo na hewa finyu, na kwetu hewa yenyewe ina joto na chumvi. Wanaokaa karibu na ufuo Diani wanajua skrubu inavyoshika kutu ndani ya mwaka. Joto ni adui wa kapasita, vile vikopo vidogo kwenye mazabodi. Mafundi wakongwe wanakumbuka mashine za 2003 mpaka 2005 ambazo kapasita zake zilivimba na kuvuja; tatizo lile lilikuwa kubwa hata Dell mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kutengeneza mashine za wateja. Ule ulikuwa ubovu wa kiwanda, lakini joto halikusaidia. Ukitia kadi, safisha vumbi kwanza, na usiisukumize kompyuta kwenye kabati lisilo na hewa.

Cha nne ni ulaghai. Kuanzia 2017, na tena kati ya 2020 na 2022, kadi ziliadimika duniani kwa sababu ya wachimbaji wa sarafu za kidijitali, mpaka Ethereum ilipoacha uchimbaji wa namna hiyo Septemba 2022. Penye uhaba hapakosi wajanja. Walichukua chipu za 2010 na 2011, kama za GTS 450 na GTX 550 Ti, wakaandika upya programu iliyo ndani ya kadi ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Kompyuta ikiiuliza jina, inadanganya. Kadi ya uongo namna hiyo inakula zaidi ya wati 100 wakati ya kweli inakula 75, kwa hiyo kwenye mashine nyembamba si hasara tu, ni hatari. Mwaka 2018 programu ya bure ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuzitambua nyingi za kadi hizo. Iweke kwenye kijiti cha USB, na ukinunua mtumba omba kadi ijaribiwe mbele yako.

Cha tano ni majina yanayofanana. GT 1030 ya Nvidia iliyotoka Mei 2017 ni kadi ambayo ungedhani ilitengenezwa kwa ajili yetu: wati 30, inapatikana fupi, haina waya wa ziada. Lakini mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina hilo hilo, kumbukumbu yake ikiwa ya DDR4 badala ya GDDR5. Ya kwanza inasafirisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya pili karibu 17. Jina moja, mwendo theluthi. Soma boksi herufi kwa herufi.

Ukiziangalia kadi fupi zilivyokuja utaona jinsi wati zilivyoanza kufanya kazi zaidi. GTX 750 Ti ya Februari 2014 ilitumia wati 60 na ilishangaza watu. GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016, wati 75, ilitolewa fupi na kampuni kadhaa. Mwaka 2019 ikaja GTX 1650, na mwaka 2024 RTX 3050 ya gigabaiti 6 yenye wati 70, nazo zina matoleo mafupi. AMD nayo ilitoa RX 6400 mwaka 2022, wati 53, fupi na nzuri kwa macho. Ila RX 6400 inatumia njia nne tu za PCI Express. Kwenye mashine mpya, njia nne za toleo la 4 zinapitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye mashine ya 2011, njia nne hizo hizo za toleo la 2 zinapitisha gigabaiti 2. Na haina sehemu ya kusimba video, kwa hiyo mtu wa harusi akiinunua ataumia. Kadi mpya si lazima iwe bora kwa mashine kuukuu.

Sasa nimalize habari ya mpwa wangu. Jumamosi nilivuka nikafika Msambweni na begi la bisibisi. Dada yangu hakunisalimu hata sawasawa, aliniuliza moja tu.

"Hiyo pesa imekwenda, sivyo?"

Nikamwambia dada, sijui, ngoja nione. Lakini nilikuwa najua kuwa sehemu yake imekwenda.

Kabla ya kadi nikatazama tatizo lenyewe, maana mwandishi wa programu huanza kwa kusoma ujumbe wa kosa. Blender tangu toleo la 2.80 la mwaka 2019 ilidai OpenGL 3.3. Chipu ya picha ya Sandy Bridge kwenye Windows inaishia OpenGL 3.1, kwa sababu Intel haikuandika draiva ya zaidi ya hapo. Lakini kwenye Linux watu wa Mesa, wanaoandika draiva huria, waliendelea, na chipu ile ile inafika 3.3. Ile ile! Yaani sehemu ya kikwazo haikuwa kwenye chuma, ilikuwa kwenye draiva ambayo kampuni iliacha kuiandika. Nikamwekea Linux pembeni ya Windows, na Blender 3.6, toleo la 2023 ambalo bado lilikubali 3.3. Ikafunguka. Inajikokota kama mkokoteni mchangani, lakini ikafunguka, na usiku ule akaanza kitanda cha kwanza bila kadi yoyote.

Jumatatu tukaenda mjini pamoja. Kadi ndefu haikurudishwa. Tulipata fundi mwingine akaichukua kwa elfu tano na nusu, akatupa GT 1030 ya GDDR5 ya mtumba kwa elfu saba, tukaijaribu pale pale. Nikamwuliza bamba fupi liko wapi, maana kadi hizi zikiwa mpya huja na mabamba mawili kwenye boksi, refu na fupi, na kwenye mtumba lile fupi ndilo hupotea. Akafungua droo iliyojaa mabamba akatafuta mpaka akalipata. Droo ile ina thamani kuliko duka zima.

Tulipofika nyumbani, kadi ikaingia, mfuniko ukafunga, skrini ikawa nyeusi. Mnakumbuka tundu la VGA la 1987? Monita yake ni ya mraba, ya zamani, ina VGA peke yake. GT 1030 ina HDMI na DVI ya kidijitali tu. Kizazi kile Nvidia iliacha kabisa kutoa picha ya analogi. Kichomeko rahisi cha kubadilisha umbo hakisaidii, kinatakiwa kibadilishi chenye umeme wake ndani kinachogeuza HDMI kuwa VGA. Tukakipata Ukunda siku ya pili. Miaka thelathini na zaidi ya historia ikaunganishwa kwa waya wa shilibgi mia sita, na picha ikatoka.

Vitanda kumi vilikamilika siku nne baada ya mwisho wa mwezi. Fundi wa Ukunda alinung'unika kisha akavichukua, akalipa nusu, nusu nyingine amesema mteja akiamua. Mpaka naandika haya mteja hajaamua. Ukijumlisha kila kitu, kutojua sentimita nne kumeigharimu familia ile karibu shilingi elfu tatu na nusu, bila nauli, na kwa anayeuza samaki hizo si pesa za kusahau.

Nimeandika haya sasa kwa sababu wimbi jingine linakuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa watu wa kawaida, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya 2018. Ofisi za Ulaya zinastaafisha mashine za 2015, 2016 na 2017, na kama historia hii ina maana yoyote, nyingi ya hizo nyembamba zitashuka Kilindini. Ni mashine nzuri. Linux inazipenda, na kadi fupi inazifanya zifanye kazi ambayo aliyezibuni hakuiwaza.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujavuka Likoni fungua mfuniko. Pima kutoka kwenye sloti mpaka juu. Soma wati kwenye pawasaplai na kwenye kitabu. Tazama monita yako ina tundu gani. Andika yote kwenye karatasi uende nayo dukani, na bamba la kadi lipime kwa rula mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa: sentimita 8, ingia, sentimita 12, shukuru uondoke.

Mpwa wangu sasa anayo rula kwenye begi. Haya, tukutane siku nyingine inshallah.